Kuichambua kampuni ya DSE au NSE kabla ya kununua hisa zake

Wanunuzi wengi wapya huanza na bei. Wanaona hisa ya benki hii inauzwa mamia, ya benki ile maelfu, wanaamua ile ya kwanza ndiyo rahisi. Bei ya hisa moja haisemi kitu mpaka ujue hisa ziko ngapi. CRDB ina hisa 2,611,838,584, NMB ina 500,000,000. Kwa mwaka 2023 CRDB ilitoa gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa) la shilingi 50 kwa hisa, NMB shilingi 361. Ukitazama hisa moja moja, NMB imelipa zaidi ya mara saba. Zidisha kwa idadi ya hisa: CRDB ilitoa karibu bilioni 130.6, NMB bilioni 180.5. Pengo la mara saba limekuwa chini ya mara moja na nusu.

Kazi iliyoelezwa hapa huchukua jioni nne au tano kwa kampuni moja. Utahitaji ripoti za mwaka za miaka mitano, kikokotoo, na daftari au lahajedwali. Tumezipanga hatua kwa namna moja tu: kilicho rahisi kukagua na kinachoweza kukufanya uiache kampuni kinatangulia. Kampuni ikianguka hatua ya kwanza umepoteza saa moja. Wanaoanza na hesabu za faida huwa wameshaipenda kampuni kabla hawajafika kwenye kasoro zake, na mtu akishapenda kasoro huzipatia sababu.

Hatua ya 1: Hisa zenyewe zinauzika?

Thibitisha kwanza kwamba kampuni imeorodheshwa kweli. Orodha iko wazi kwenye tovuti za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) na la Nairobi (NSE). Anayekununulia awe dalali mwenye leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, yaani CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya, na hisa zikae kwenye akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la kutunzia hisa) yenye jina lako. Mtu anayetaka umtumie fedha kwenye simu yake ili "akuwekee hisa" mkimbie, hata akikuonyesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania. Cheti hicho kinathibitisha kuwa kampuni imesajiliwa kisheria, basi. Hakimpi mtu ruhusa ya kuuza hisa kwa umma.

Kisha tafuta orodha ya wanahisa wakubwa ndani ya ripoti ya mwaka. Kwenye soko la Dar kampuni kadhaa zina mwenye nyumba mmoja: asilimia 75 ya Kampuni ya Sigara (TCC) iko chini ya Japan Tobacco, asilimia 75 ya Vodacom Tanzania iko chini ya Vodacom Group, na asilimia 69.25 ya Twiga Cement ni ya Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg. Chukua Twiga kwa mfano. Hisa zote ni 179,923,100. Ukiondoa za mmiliki mkubwa zinabaki kama milioni 55.3. Ondoa tena zilizoshikwa na taasisi zisizouza ovyo, na za wazee walionunua mwanzoni wakafungia vyeti kabatini. Zinazozunguka sokoni kwa wiki ni kidogo kuliko mtu anavyodhani.

Sasa pakua taarifa za soko za siku 60 za biashara zilizopita na uandike: hisa hii iliuzwa siku ngapi kati ya hizo, na wastani ni hisa ngapi kwa siku. Siku moja yenye mauzo makubwa kuliko nyingine zote iweke pembeni, kwani mara nyingi huwa ni taasisi mbili zilizopatana nje ya msongamano wa kawaida. Halafu piga hesabu ya kutoka. Tuseme unataka hisa 20,000 na wastani wa siku ni hisa 2,000. Ukiuza zaidi ya moja ya tano ya wastani utaishusha bei mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuuza 400 kwa siku. Utahitaji siku 50 za soko, yaani wiki kumi. Kama fedha hizo ni ada ya mtoto ya Januari, kampuni hii haikufai hata iwe nzuri namna gani.

Kuna pia hatari ya soko lenyewe kufunga mlango. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na hazikurudi kuuzwa mpaka Januari 2025. Miaka minne na nusu mwanahisa anaangalia namba ambayo hawezi kuibadilisha kuwa fedha.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zilizo kamili

Unachotaka ni ripoti kamili ya mwaka, ile ya kurasa mia na zaidi. Ukurasa unaochapwa gazetini una mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni), taarifa ya mapato na mtiririko wa fedha, lakini hauna maelezo yenye namba yanayofuata nyuma ya hesabu, na humo ndimo kampuni hulazimika kusema yale ambayo mwenyekiti hakuyasema kwenye barua yake. Ripoti ziko kwenye sehemu ya wawekezaji ya tovuti ya kampuni. Zikikosekana, muombe dalali. Kampuni ambayo ripoti zake za zamani hazipatikani popote imeshakujibu swali moja.

Kwa Kenya kusanya pia matangazo ya onyo la faida. Kanuni zinaitaka kampuni iliyoorodheshwa itangaze mapema ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Kampuni iliyotoa onyo miaka miwili mfululizo, kila mara ikilaumu mvua au kupanda kwa dola, isome kwa jicho kali.

Kama ni toleo la awali la hisa kwa umma, soma waraka wa matarajio (kitabu cha maelezo ya toleo hilo), uanze na swali hili: fedha yangu inakwenda wapi, na kwa nini wanauza sasa? Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5. Muuzaji alikuwa Serikali, kwa hiyo fedha zilikwenda Hazina, si kujenga minara. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 kwa shilingi 850 kwa hisa, na msukumo ulikuwa sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza robo ya hisa zao kwa umma. Bei ya kuanzia hupangwa na muuzaji na washauri wake. Safaricom ilishuka mpaka chini ya shilingi 3 kabla ya kupanda kwa miaka mingi, na Vodacom ilikaa chini ya 850 kwa muda mrefu. Foleni ndefu kwenye matawi ya benki siku za toleo haithibitishi kwamba bei ni nzuri.

Hatua ya 3: Anza na mkaguzi

Ruka picha za mwenyekiti na watoto waliopewa madawati. Nenda kwenye taarifa ya mkaguzi wa nje, ambayo hutangulia mizania kwa kurasa chache, na uangalie mambo matatu.

La kwanza ni aina ya hati. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa mujibu wa viwango. Haimaanishi kampuni ina afya. Hati yenye shaka inataja eneo mahususi ambalo mkaguzi hakubaliani nalo, na hapo unasoma sentensi kwa sentensi. Hati isiyoridhisha, au mkaguzi kushindwa kutoa maoni, ni mwisho wa uchunguzi wako.

La pili ni aya inayozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Hati inaweza kuwa inaridhisha na bado mkaguzi akaeleza kwamba madeni ya muda mfupi yamezidi mali za muda mfupi na kuna mashaka makubwa. Wengi hulipita neno hilo kwa sababu hati "ni safi".

La tatu ni mambo makuu ya ukaguzi, yaani maeneo yaliyomsumbua mkaguzi kuliko mengine: kukadiria hasara ya mikopo, kutathmini thamani ya ardhi, kesi ya kodi. Yaandike. Utayarudia kwenye hatua ya 5.

Angalia pia tarehe na majina. Hesabu zilizochelewa kupita muda wa kanuni, mkaguzi aliyebadilishwa katikati ya mkataba, mkurugenzi wa fedha aliyeondoka wiki chache kabla ya matokeo: kimoja kinaweza kuwa na maelezo ya kawaida, viwili kwa mwaka mmoja vinatosha kukusimamisha.

Hatua ya 4: Nani anailipa kampuni, na nini kinaweza kuzuia malipo hayo?

Nusu ukurasa kwa maneno yako, usiuzidishe. Andika inauza nini, kwa nani, gharama kubwa mbili ni zipi, na ni kitu gani kimoja kikiondoka biashara inatikisika.

Saruji, kwa mfano, ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kilo, kwa hiyo umbali ndio unaoamua ushindani. Kiwanda cha Twiga cha Wazo Hill kina nguvu Dar es Salaam, lakini kadiri mfuko unavyosafiri kwenda bara faida huliwa na lori. Nishati ndiyo gharama nyingine kubwa, na Twiga hutumia gesi asilia ya Songo Songo, jambo linalokulazimisha kusoma mkataba wa gesi unasemaje kwenye maelezo ya hesabu. Mchambuzi wa saruji anayeangalia bei ya mfuko peke yake ameshika nusu ya hesabu.

Swissport Tanzania inafundisha jambo lingine. Kwa miaka mingi ilihudumia ndege na abiria kwenye uwanja wa Julius Nyerere bila mpinzani, na ikajulikana kwa gawio zuri. Biashara ya namna hiyo imekalia leseni. Mhudumu wa pili alipopewa leseni, mashirika ya ndege yakapata pa kwenda na bei ya kujadiliana. Hakuna aliyeiba, hakuna mashine iliyoharibika. Kwa hiyo kampuni yoyote inayoishi kwa leseni, kibali au mkataba mmoja, tafuta tarehe ya mwisho wa hati hiyo na uiandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya 5: Faida imegeuka fedha?

Hapa ndipo pa kutumia jioni nzima. Faida hujengwa na makadirio: mali itachakaa kwa miaka mingapi, mteja atalipa au hatalipa, kesi itashindwa au itashinda. Fedha iliyoingia benki ni vigumu zaidi kuipamba.

Chora jedwali la miaka mitano lenye safu nne: faida baada ya kodi, fedha iliyotokana na shughuli za uendeshaji, fedha iliyotumika kununua mitambo, majengo na magari, gawio lililolipwa. Jumlisha kila safu. Usihukumu kwa mwaka mmoja, kwani meli moja ya ngano ikifika Desemba badala ya Januari inaweza kuvuruga mwaka mzima. Kwa miaka mitano, kampuni ya viwanda iliyo sawa huwa na fedha za uendeshaji zinazolingana na faida au kuizidi, kwa sababu uchakavu umepunguza faida bila kutoa fedha mfukoni. Fedha ikiwa pungufu ya faida kwa kiasi kikubwa, tafuta imekwama wapi. Kuna mahali panne pa kuanzia.

Wadaiwa. Chukua kampuni ya mfano: mwaka wa kwanza iliuza bilioni 80 na wateja walikuwa hawajalipa bilioni 10. Gawanya 10 kwa 80, zidisha kwa 365: siku 46. Mwaka wa pili imeuza bilioni 100, wadaiwa wamefika bilioni 25: siku 91. Barua ya mwenyekiti itasema mauzo yamekua kwa asilimia 25, na ni kweli. Lakini kati ya bilioni 20 zilizoongezeka, deni jipya ni bilioni 15. Ama wamewapa mawakala mzigo wa mwaka ujao ili kupamba mwaka huu, ama mteja mkubwa, mara nyingi taasisi ya umma, ameacha kulipa. Maelezo ya hesabu huwa na jedwali la umri wa madeni. Angalia yaliyopita siku 90 yametengewa kiasi gani cha hasara.

Bidhaa ghalani. Hesabu ni ileile, ila ugawanye kwa gharama ya mauzo. Ghala likijaa huku mauzo yamesimama, bei itashushwa mwakani.

Faida ya mara moja. Kiwanja kilichouzwa Kariakoo, jengo lililotathminiwa upya, deni lililosamehewa. Hivi huingia kwenye faida na havirudi. Viondoe, ukokotoe faida kwa kila hisa upya.

Matumizi yaliyogeuzwa mali. Programu za kompyuta, matengenezo makubwa, riba ya mkopo wa ujenzi: kanuni zinaruhusu kuviingiza kwenye mizania badala ya kuvikata kwenye faida. Kiasi hicho kikiongezeka ghafla mwaka ambao faida ingeshuka, una haki ya kushuku.

Mwisho, toa safu ya tatu kwenye ya pili. Kinachobaki ndicho kilichoweza kulipa gawio. Gawio la miaka mitano likizidi kiasi hicho, kampuni imekuwa ikikopa au ikila akiba ili wanahisa wafurahi, na siku itakapoacha, bei itaanguka pamoja na gawio.

Hatua ya 6: Deni, na liko kwa fedha gani

Tafuta jedwali la mikopo kwenye maelezo ya hesabu na uandike kila mkopo: nani mkopeshaji, riba, tarehe ya kulipa, sarafu, dhamana. Gawanya faida kabla ya riba na kodi kwa gharama ya riba ya mwaka. Ikiwa 5 au zaidi, kampuni inapumua. Chini ya 2, mwaka mmoja mbaya unaiweka mikononi mwa benki. Mumias Sugar, iliyoorodheshwa NSE tangu 2001, iliwekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayeshika kampuni kwa niaba ya wadai) Septemba 2019 kwa deni la benki, na katika mpangilio wa kulipwa mwanahisa ndiye anayesimama nyuma ya foleni yote.

Sarafu ndiyo watu husahau. Kampuni inayouza kwa shilingi na kudaiwa kwa dola hupata hasara kila shilingi inaposhuka, hata kama haijakosea lolote dukani. Maelezo ya hesabu hulazimika kuonyesha ingetokea nini kama sarafu ingeyumba kwa asilimia kadhaa. Soma namba hiyo, kisha uilinganishe na faida ya mwaka.

Hatua ya 7: Faida hii ni ya nani?

Kampuni yenye matawi nje huonyesha faida mbili: ya kundi zima, na inayowahusu wanahisa wa kampuni mama. Safaricom kwa mwaka ulioishia Machi 2024 iliandika faida ya kundi ya karibu KSh bilioni 42.7, lakini inayowahusu wanahisa wake ilikuwa karibu bilioni 63. Ya pili imezidi ya kwanza kwa sababu sehemu ya hasara ya Ethiopia, walikoanza huduma Oktoba 2022, ilibebwa na washirika wenza. Gawanya bilioni 63 kwa hisa kama bilioni 40.07 upate shilingi 1.57 kwa hisa. Ukitumia ile ya kundi utapata 1.07, na uwiano wako wote utakuwa na makosa. Upande wa pili wa hesabu hiyo ulionekana Julai 2024, Ethiopia ilipoiachia birr ipangwe na soko na sarafu ikaporomoka: mtaji uliowekezwa huko ukapungua kwa shilingi za Kenya bila mtu kugusa kitu.

Kwenye sehemu hiyohiyo soma maelezo ya miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni. Mmiliki mkubwa wa nje hulipwa kwa njia zaidi ya gawio: ada ya usimamizi, ada ya teknolojia, malipo ya jina la biashara, riba ya mkopo aliotoa yeye mwenyewe. Yajumlishe, uyagawanye kwa mauzo, ulinganishe miaka mitano. Ada ikipanda kuliko mauzo, mwenye asilimia 70 anakunywa supu kabla sahani haijafika kwenye meza ya wanahisa wadogo.

Kama ni benki, tumia hesabu nyingine

Hatua ya 5 haifanyi kazi kwa benki, kwa kuwa mikopo ndiyo bidhaa yake na amana za wateja ni deni. Uzuri ni kwamba benki huchapisha hesabu kila robo mwaka, kwa hiyo una picha nne kwa mwaka.

Anza na uwiano wa mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo yote ambayo wakopaji wameacha kuilipa ipasavyo. Benki Kuu ya Tanzania inataka usizidi asilimia 5. Kenya hali ni tofauti: uwiano wa sekta nzima ulipita asilimia 16 mwaka 2024, kwa hiyo benki ya Nairobi ilinganishe na jirani zake wa Nairobi. Usiridhike na uwiano peke yake. Unaweza kushuka kwa njia mbili zisizo na uhusiano na wakopaji kulipa. Benki inaweza kukopesha haraka sana, mikopo mipya ikaongeza kigawanyo kabla haijapata muda wa kuharibika. Au inaweza kufuta mikopo mibovu vitabuni. Kwa hiyo fanya hivi: chukua mikopo chechefu ya mwisho wa mwaka, ongeza iliyofutwa ndani ya mwaka, toa ya mwanzo wa mwaka. Ikiwa mwanzo ilikuwa bilioni 40, mwisho 38, na zimefutwa 25, basi angalau bilioni 23 mpya ziliharibika mwaka huo. Gazetini utasoma kwamba mikopo chechefu "imepungua".

Halafu gawanya gharama za uendeshaji kwa mapato. Kipimo cha Benki Kuu ya Tanzania ni asilimia 55, na benki nzuri ziko chini kabisa ya hapo. Mtaji ulinganishwe na mali zilizopimwa kwa hatari (mikopo na mali nyingine, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake): Tanzania kima cha chini, pamoja na kinga, ni asilimia 12.5 kwa mtaji wa msingi na 14.5 kwa mtaji wote. Kenya ni 10.5 na 14.5. Benki iliyo nusu asilimia juu ya mstari itakuja kwenu na hisa mpya, na usipochangia, sehemu yako inapungua.

Mikopo kwa wakurugenzi na watumishi isome neno kwa neno. Chase Bank ya Kenya, ambayo hatifungani yake (hati ya mkopo inayolipa riba) iliorodheshwa NSE, ilichapisha hesabu zilizorekebishwa Aprili 2016 zikionyesha mikopo ya watu wa ndani kuwa mikubwa kwa mabilioni kuliko ilivyoonyeshwa kwanza. Mara moja benki ikawekwa chini ya mrasimu.

Hatua ya 8: Sasa bei

Ukifika hapa kampuni bado imesimama, bei inaanza kuwa na maana. Gawanya bei kwa faida ya kila hisa uliyoisafisha kwenye hatua ya 5. Bei ya 1,200 na faida ya 150 inakupa 8: unalipa faida ya miaka minane. Linganisha na miaka mitano ya kampuni hiyohiyo na mpinzani wake wa karibu. Wa London hakusaidii.

Gawio nalo lihesabiwe likiwa limeshakatwa. Kampuni ya mfano inalipa 60 kwa hisa ya 1,200, sawa na asilimia 5. Kodi ya zuio kwa mkazi ni asilimia 5 ya gawio, Tanzania kwa kampuni zilizoorodheshwa na Kenya vilevile, kwa hiyo unapokea 57, yaani asilimia 4.75. Kununua hugharimu takriban shilingi 2 katika kila 100 ukijumlisha dalali na tozo za soko, na kuuza vivyo hivyo. Kuingia na kutoka kumekula karibu gawio la mwaka mzima. Ndiyo maana hisa za kununua leo na kuuza mwezi ujao hazilipi kwenye masoko haya, labda kwa dalali.

Weka pembeni yake riba ya hatifungani ya Serikali ya muda mrefu, ambayo Tanzania haikatwi kodi ya zuio. Hisa inayokupa pungufu ya hapo inatakiwa kukua, nawe uwe umeona kwenye hatua ya 4 itakua kwa njia gani.

Gawio la asilimia 15 au 18 lichunguze kabla ya kulifurahia. Mara nyingi limekokotolewa kwa gawio la mwaka jana na bei ya leo iliyokwisha kuanguka, kwa sababu wanaojua wameshatoka. Na ukinunua kwa ajili ya gawio, angalia tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa. Malipo ya soko hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Ukinunua siku moja kabla ya daftari kufungwa, gawio ni la aliyekuuzia.

Hatua ya 9: Karatasi moja, kisha oda

Andika ukurasa mmoja: kwa nini unainunua, bei ya juu kabisa utakayolipa, na mambo matatu yatakayokufanya uuze. Mambo yenyewe yawe yanapimika: siku za wadaiwa zikipita 90, mikopo chechefu mipya ikizidi kiwango fulani, leseni isipohuishwa kufikia mwezi fulani. "Kampuni ikianza kufanya vibaya" haipimiki. Tia tarehe, uweke pia alama kwenye kalenda kwa miezi ya matokeo. Kampuni inayofunga mwaka Desemba na ile inayofunga Machi, kama Safaricom na Vodacom, haziji na habari msimu mmoja.

Kisha mpe dalali oda yenye bei ya kikomo (bei ya juu kabisa unayokubali kulipa), au iweke mwenyewe kwenye Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya DSE. Usiseme "ninunulie kwa bei ya soko" kwa hisa iliyokauka, maana muuzaji pekee aliyepo siku hiyo ndiye atakayekuwa soko. Gawa fedha mafungu matatu, nunua fungu moja sasa na mengine baada ya matokeo mawili yajayo. Oda ikikaa wiki mbili bila kupata muuzaji, soma tena ukurasa wako. Bei ya juu uliyoiandika ukiwa umetulia isipandishwe kwa sababu tu umechoka kusubiri.